Mali, Siri na Amana: Lugha ya Urithi Mbele ya Simu Iliyofungwa

1. Utangulizi

Mtu anapofariki dunia katika jamii za Waswahili, mambo mengi hufanyika kwa haraka na kwa utaratibu unaojulikana. Maiti huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, matanga huwekwa, kisha, wageni wanapoanza kutawanyika, wazee huuliza maswali mawili. La kwanza: je, marehemu anadaiwa? La pili: je, ameacha wosia? Kwa karne nyingi majibu ya maswali hayo yalitafutwa mahali panapofikika, yaani katika kumbukumbu za jamaa, katika daftari la duka, au katika sanduku lililowekwa chini ya kitanda. Siku hizi sehemu kubwa ya majibu hayo imo ndani ya simu ya mkononi, na simu hiyo imefungwa kwa namba ambayo marehemu ameondoka nayo.

Kwa kawaida tatizo hili huonwa kuwa la mafundi, na likishindikana kwa mafundi hupelekwa kwa wanasheria. Mhadhara huu unalichunguza kwa upande mwingine, ambao ni upande wa lugha. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili kina maneno matatu, mali, siri na amana, ambayo yanatenganisha aina tatu za vitu anavyoviacha marehemu, na kwamba kila aina ina adabu yake. Simu imeziweka aina zote tatu nyuma ya ufunguo mmoja. Shida wanayoipata jamaa, mahakama na makampuni inatokana kwa kiasi kikubwa na mchanganyiko huo. Njia ya kuipunguza ni kuzitenganisha tena aina hizo, kwa maneno yaliyo wazi, wakati mwenyewe yu hai.

2. Maneno Matatu na Vitenzi Vyake

Maneno yote matatu yana asili ya Kiarabu, lakini yamekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu hata yakapata methali na adabu za wenyeji. Maana zake hubainika vizuri zaidi yakitazamwa pamoja na vitenzi vinavyoandamana nayo pale mwenyewe anapofariki.

Mali ni kitu chenye thamani kinachohesabika na kugawanyika. Kwa hiyo kitenzi chake ni kugawanya. Methali isemayo “Mali bila daftari hupotea bila habari” inaonyesha kwamba wahenga waliijua hatari ya mali isiyo na maandishi. Katika simu ya leo, mali ni salio la pesa, akaunti ya benki inayoendeshwa kwa simu, mapato ya duka la mtandaoni, au malipo ya video zinazotazamwa na watu.

Amana ni kitu cha mtu mmoja kilichowekwa kwa mwingine. Neno hili ni ndugu wa amini, imani na uaminifu. Amana haigawanywi, hurudishwa. Chukua mfano wa mwanamke aliyekuwa mweka hazina wa kikoba mtaani. Katika simu yake mna michango ya wanachama, orodha ya waliokopa, na picha za stakabadhi. Akifariki, watoto wake hawana haki ya hata shilingi moja ya fedha hizo; lakini bila kuifungua simu, hawawezi kujua zipi ni za mama yao na zipi ni za kikundi. Hapo watu wasiohusika na msiba kwa damu huwa wameguswa na msiba huo mfukoni, na jina la marehemu huanza kutajwa kwa shaka kabla ya arobaini yake.

Siri ni jambo ambalo mwenyewe hakutaka wengine walijue. Kitenzi chake wakati wa uhai ni kuficha au kutunza. Baada ya kifo, kitenzi kinachofaa zaidi ni kusitiri. Neno hilo latokana na shina jingine la Kiarabu, lile lililozaa stara, lakini maana yake imekuja kuwa jirani ya siri. Anayeosha maiti humsitiri. Haelezi nje aliyoyaona ndani. Methali ya “Siri ya mtungi aijuaye kata” hutumika kueleza kuwa aliye karibu ndiye ajuaye ya ndani. Kata huingia mtungini kila siku na huyajua yaliyomo. Lakini methali hiyo haisemi kwamba mtungi ukivunjika, kata iyatangaze.

Basi kuna mambo matatu na vitenzi vitatu: mali hugawanywa, amana hurudishwa, siri husitiriwa. Mpangilio huu si wa kisarufi tu. Ni mwongozo wa wajibu, na msemaji wa Kiswahili huupata pamoja na lugha yenyewe.

3. Sanduku la Marehemu na Historia ya Fasihi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulifikiria suala hili, kwa kuwa taaluma yao imejengwa kwa sehemu juu ya vitu vilivyoachwa na marehemu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yaliendelea kuishi vichwani na katika karatasi za watu wa mji wake. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor aliyakusanya na kuyaandika, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kuwa diwani. Aidha, miswada mingi iliyokusanywa katika miaka ya 1960 na J. W. T. Allen na wenzake, na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka majumbani mwa watu, ambamo ilikuwa imepita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila ya mtu kuulizwa namba yoyote.

Shaaban Robert anatoa mfano ulio wazi zaidi. Alifariki mwaka 1962. Riwaya zake mbili, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilichapishwa mwaka 1968, yaani miaka 6 baada ya kifo chake. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa na kuja kuchapishwa kuwa kitabu katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Barua hizo zilikuwa siri ya ndugu wawili zilipoandikwa. Leo ni hazina ya watafiti. Zimefika kwa sababu zilikuwa karatasi, na kwa sababu mpokeaji alizitunza.

Funzo la pili hapa ni kwamba barua ina makao mawili. Iliyotoka kwa mwandishi hukaa kwa mpokeaji. Jambo hilo halijabadilika. Ujumbe wa sauti uliotumwa na marehemu kwa WhatsApp umo pia katika simu ya aliyetumiwa, isipokuwa kama ameufuta. Jamaa walioshindwa kuifungua simu ya mpendwa wao huweza kupata sehemu kubwa ya maneno yake, sauti yake na picha zake kwa kuwaomba aliokuwa akiwasiliana nao. Hii ni njia halali, haimvunjii mtu heshima, na aghalabu ndiyo ya haraka kuliko zote.

Lakini rasimu ya shairi ambayo haijatumwa kwa mtu haina makao mawili. Malenga wa leo hutunga akiwa safarini na kuandika katika simu. Mtafiti wa lahaja hurekodi wazee wa Pemba au Lamu kwa simu hiyohiyo. Akifariki na namba yake, hakuna Mwalimu Sikujua atakayeweza kuzikusanya kazi hizo. Zaidi ya hayo, rekodi za mtafiti ni amana kwa maana kamili ya neno: wazee wale waliazimisha sauti zao kwa ajili ya elimu, hawakumpa mtafiti awe mmiliki.

4. Kwa Nini Simu Haifunguki

Watu wengi hudhani kwamba kufuli ya simu ni kama kufuli ya mlango, ambayo fundi hodari huweza kuivunja na vilivyomo ndani vikabaki salama. Kwa simu za zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli. Kwa simu nyingi za leo haina. Yaliyomo ndani ya simu huhifadhiwa yakiwa yamegeuzwa kuwa maandishi ya fumbo, na ufunguo wa kulifumbua hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya mtumiaji na namba nyingine iliyozikwa ndani ya kifaa chenyewe. Kwa simu za Apple, tangu mwaka 2014, mpango huo umelinda karibu data zote za mtumiaji. Anayebahatisha namba hucheleweshwa zaidi kila anapokosea, na mwenye simu anaweza kuwa ameiagiza ifute kila kitu baada ya makosa 10.

Fundi akisema kwamba ataiflashi simu, maana yake ni kwamba atairudisha katika hali ya kiwandani. Kifaa kitatumika tena, lakini picha, ujumbe na rasimu zitakuwa zimekwenda. Hata kampuni iliyotengeneza simu ikikubali, baada ya kuonyeshwa hati za kifo, kukiondolea kifaa kifungo cha akaunti, haiwezi kuiondoa namba ya siri bila kufuta yaliyomo. Jamaa wanaotafuta kumbukumbu hawana budi kuielewa tofauti hiyo kabla ya kuikabidhi simu kwa mtu yeyote.

Wapo wanaofikiria kukitumia kidole cha marehemu kabla ya maziko. Mbali na suala la heshima ya maiti, ambalo peke yake latosha, njia hiyo haina tumaini. Vipokezi vingi vya alama za vidole hutegemea hali ya ngozi iliyo hai, na simu iliyozimwa na kuwashwa upya hudai namba kwanza kabla ya kukubali kidole. Simu za Apple hudai namba pia zikipita saa 48 bila kufunguliwa.

Kuna vilevile saa isiyoonekana inayokwenda. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Pamoja nayo hupotea uwezo wa kupokea ujumbe wa uthibitisho ambao akaunti nyingi huutuma kwa namba hiyo. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika baada ya siku 120. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Desturi ya kuacha mambo yapoe kwanza, ambayo ni ya busara katika mirathi ya nyumba na mashamba, katika eneo hili inaweza kuleta hasara isiyolipika.

5. Siri Mbele ya Mahakama

Mgongano kati ya haki ya warithi na siri ya marehemu ulifika mahakamani mapema katika nchi zilizotangulia kutumia mtandao. Huko Marekani, mwanajeshi mmoja aliuawa nchini Iraq mwezi Novemba 2004. Baba yake aliiomba kampuni ya Yahoo impe baruapepe za mwanawe, nayo ikakataa kwa kuwa iliahidi kutunza siri za wateja. Mwezi Aprili 2005 mahakama ya jimbo la Michigan iliamuru baba apewe. Amri hiyo ilimpa baba alichokitafuta, lakini haikuweka kanuni kwa wote.

Shauri lililochambuliwa kwa kina zaidi lilitoka Ujerumani. Msichana wa miaka 15 alifariki mwaka 2012 baada ya kugongwa na treni ya chini ya ardhi mjini Berlin. Wazazi walitaka kujua kama ilikuwa ajali au alijiua, na walitumaini kwamba ujumbe wake wa Facebook ungewapa jibu. Mama alikuwa na nywila ya binti yake, lakini haikumfaa kitu, kwa sababu akaunti ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa ya ukumbusho na mlango wake kufungwa. Mahakama ya kwanza iliwapa wazazi haki mwaka 2015. Mahakama ya rufani mjini Berlin iliwanyima mwaka 2017, ikitaja siri ya mawasiliano ya wale walioandikiana na binti. Tarehe 12 Julai 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Haki iliyoko Karlsruhe iliamua kwamba mkataba wa akaunti hurithiwa. Hoja yake mojawapo yafaa kuangaliwa na wanafunzi wa lugha: barua na shajara za karatasi huwaendea warithi, hata zikiwa na siri nzito, basi hakuna sababu ya kuziweka kando zile za mtandaoni.

Hata hivyo shauri halikuishia hapo. Kampuni iliwapa wazazi nakala yenye kurasa zaidi ya 14,000 katika kifaa kidogo cha kuhifadhia data. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hilo halitoshi. Wazazi waweze kuingia katika akaunti yenyewe na kuipitia kama binti alivyoweza, bila ya kuitumia kuandikia watu. Tofauti kati ya kupewa rundo la karatasi na kupewa ufunguo ilihitaji miaka miwili zaidi kubainishwa.

Marekani ilifuata njia nyingine. Sheria ya mfano iliyotungwa mwaka 2015, na kupokewa na majimbo mengi, inatenganisha orodha ya mawasiliano na maneno yenyewe yaliyoandikwa. Msimamizi wa mirathi anaweza kujua kwamba marehemu aliandikiana na benki fulani. Lakini kuyasoma maneno yenyewe kunahitaji idhini aliyoiacha marehemu. Ufaransa, kwa sheria ya mwezi Oktoba 2016, ilimpa kila mtu haki ya kuacha maagizo kuhusu data zake baada ya kifo. Ikitazamwa kwa macho ya Kiswahili, sheria ya Kimarekani inajaribu kuitenganisha mali na siri, na ile ya Kifaransa inauhuisha wosia.

6. Mirathi katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu simu imekuwa mkoba wa fedha. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na huduma za namna hiyo zikaenea haraka hata vijijini. Pamoja nazo likaenea onyo moja, lililorudiwa redioni na katika mabango: usimwambie mtu yeyote namba yako ya siri. Onyo hilo ni sahihi, na limewaokoa wengi na matapeli. Lakini halikufuatwa na sentensi ya pili inayoeleza afanyeje mtu kuhusu siku ya kufa kwake. Hivyo mke na mume huweza kuishi miaka mingi katika nyumba moja, kila mmoja akiwa na namba asiyoijua mwenzake, na kifo kikawakuta hivyo.

Kwa upande wa fedha, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Fedha za mteja hazimo ndani ya simu. Huwekwa benki katika akaunti ya dhamana iliyotengwa na fedha za kampuni. Simu ikipotea au ikikataa kufunguka, fedha hazijapotea. Jamaa wanapaswa kwenda katika kampuni wakiwa na cheti cha kifo na barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, wala hawahitaji namba ya siri ya marehemu. Nchini Kenya, fedha zisizodaiwa na mtu hatimaye hupelekwa katika mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kushughulikia mali za namna hiyo, na warithi wanaweza kuzidai huko.

Kinyume chake, mwenye kuijua namba ya marehemu akajitolea fedha usiku wa msiba, hata kwa nia ya kununua sanda na kulisha waombolezaji, amejiingiza katika hatari. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya kinafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zinakataza kuingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini. Kujua namba hakumaanishi kuwa na idhini.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika madeni na amana. Katika mirathi ya Kiislamu, mafungu hayagawanywi mpaka gharama za maziko zitolewe, madeni yalipwe, na wosia usiozidi theluthi utekelezwe. Utaratibu huo unadai kwamba madeni yajulikane. Ikiwa marehemu aliandika katika simu yake nani anamdai na nani amemwekea kitu, basi simu iliyofungwa huizuia hatua inayotangulia mgawanyo wenyewe. Kwa mirathi iendeshwayo chini ya Sura ya 352 ya Sheria za Tanzania, msimamizi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali katika muda wa miezi 6 na hesabu katika muda wa mwaka 1, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Msimamizi asiyeweza kuiona daftari ya marehemu anaandika orodha hiyo kwa kukisia.

7. Mrithi au Wasii? Suala la Istilahi

Makampuni makubwa ya mtandao yamekwisha kuweka njia za mtu kujiandalia mapema. Google ilianza mwaka 2013: mwenye akaunti huchagua muda wa kimya, wa miezi 3, 6, 12 au 18, na kutaja watu wasiozidi 10 watakaoarifiwa muda huo ukipita, pamoja na kile ambacho kila mmoja ataruhusiwa kukipata. Facebook ilianza mwaka 2015 kumruhusu mtu kutaja mtunzaji wa ukurasa wake. Mtunzaji huyo anaweza kuweka tangazo la msiba na kubadilisha picha, lakini hawezi kuusoma ujumbe wa faragha. Apple ilifuata mwezi Desemba 2021: aliyetajwa hupewa ufunguo maalumu, na akiuwasilisha pamoja na cheti cha kifo hupata picha, madokezo na nakala zilizohifadhiwa kwa muda wa miaka 3. Hapati nywila wala taarifa za malipo.

Mtu huyo aitwe nani kwa Kiswahili? Jina linalojitokeza kwanza ni mrithi. Jina hilo linapotosha. Mrithi hupata kitu kikawa chake, naye ana haki ya kukitumia apendavyo. Mtu aliyetajwa katika akaunti hapewi umiliki; anapewa kazi. Kiswahili kina neno la kale linalofaa, nalo ni wasii, ndugu wa neno wosia: mtu aliyeachiwa utekelezaji wa maneno ya marehemu. Wasii anaweza kuwa mrithi, na anaweza kuwa mtu baki anayeaminika. Akiitwa wasii, jamaa wataelewa mara moja kwamba kumtaja mtoto mmoja katika simu hakujamfanya kuwa mwenye mali peke yake, na mwenyewe atajua kwamba alichoshika ni amana. Ugomvi mwingi wa mirathi huanza katika jina lililotolewa bila uangalifu.

Vivyo hivyo kwa lile linaloitwa nywila, nenosiri au namba ya siri. Kamusi huweza kuyapanga maneno haya kama visawe, lakini mtumiaji wa kawaida huitaja namba ya siri pale penye fedha. Umbo la nenosiri lina faida ya kuibeba siri ndani yake. Lina hasara ya kumfanya mtu afikiri kwamba kila kinachofunguliwa nalo ni siri, hata hesabu za kikoba. Si kazi ya istilahi kutunga sheria. Lakini istilahi nzuri humkumbusha mtumiaji atenganishe vitu ambavyo mashine imevichanganya.

Neno wosia lenyewe linafaa kurudishiwa upana wake. Katika matumizi ya siku hizi limebanwa likawa waraka wa kugawa mali. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama aliyekuwa mgonjwa kwa binti yake, na kiini chake ni maneno ya kumwongoza mtoto atakayebaki. Kwa hiyo Kiswahili hakihitaji kubuni fani mpya ili mtu aweze kuandika namna anavyotaka picha zake, maandishi yake na mazungumzo yake yashughulikiwe. Fani ipo, mada yake ndiyo iliyoongezeka.

8. Hitimisho

Wosia unaofaa kwa zama hizi haupaswi kuwa karatasi yenye orodha ya nywila iliyobandikwa kabatini. Karatasi hiyo huibiwa, na nywila hubadilika kabla wino haujakauka. Unaofaa ni ule unaofuata mgawanyo wa lugha yenyewe. Kwanza, daftari la mali: benki zipi, mitandao ipi ya simu, biashara zipi, bila ya namba za siri, kwa kuwa msimamizi atazipata fedha kwa barua ya mahakama. Pili, daftari la amana: vitu vya nani, kiasi gani, vimewekwa wapi. Daftari hili lisikae katika simu ya mtu mmoja. Kikundi kiwe na nakala kwa katibu na mwenyekiti. Mtafiti aiweke nakala ya rekodi zake katika maktaba ya chuo au kituo cha nyaraka. Mtunzi amkabidhi mtu mwingine nakala ya kazi zake. Tatu, neno kuhusu siri: nani awe wasii, afungue nini, na afute nini bila kusoma. Namba ya simu yenyewe, ikiwa mtu ameamua kuiacha, inaweza kuwekwa katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, mikononi mwa wasii au wakili.

Kwa waliofikwa na msiba bila ya maandalizi hayo, mpangilio ni uleule. Wasikimbilie kuiflashi simu. Wailinde laini isife. Wamteue msimamizi na kuzifuata fedha kwa njia ya mahakama. Wawaite wenye amana na kusikiliza hesabu zao. Wawaombe ndugu na marafiki nakala za sauti na picha. Baada ya hapo, yatakayobaki ndani ya simu isiyofunguka huenda yakawa machache kuliko ilivyohofiwa, na mengi yake yatakuwa yale ambayo marehemu hakumwandikia mtu. Hayo yana kitenzi chake.